Vifaa vya kushonea mablanketi ya vipande: vipi vina kazi kweli, vipi vimetuangusha?

FundiUyole

Wakuu, habari za majukumu na poleni na baridi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa Juni na Julai maana yake nini. Msimu huu kila anayepita kibandani anauliza blanketi la vipande vya vitenge, na vijana wanaotaka kujifunza wananijia na swali lilelile: nianze kununua nini? Simu zao zimejaa video za vidude vya kila aina, kila kimoja kinaahidi kukumalizia blanketi kabla ugali haujaiva.

Nataka tuliongee hapa kwa uwazi ili anayeanza asipoteze mtaji. Msimamo wangu ni huu: hela ya kwanza iende kwenye kukata na kupima, ya pili kwenye pasi, na cherehani iwe hiyohiyo uliyonayo. Vidude vingi vilivyoniangusha ni vile vilivyoahidi kurahisisha kushona, na kushona ndiyo sehemu ambayo cherehani ya miguu ya Butterfly ilishaimaliza zamani.

Sababu ni hesabu. Mraba unaotaka ubaki inchi 3 unaukata inchi 3 na nusu, kwa kuwa mshono unakula robo inchi kila upande. Mshono ukinenepa kwa 1/16 ya inchi tu, kitu ambacho jicho halikioni, mraba mmoja unapungua 1/8. Panga miraba 16 kwenye mstari, umepoteza inchi 2 nzima. Mstari wa chini yake ukiwa umeshonwa sawa, kona hazikutani tena, na hapo mtu anaanza kuvuta kitambaa kwa nguvu, blanketi linatoka na matuta. Cherehani haina kosa hapo. Kosa lilitokea mezani.

Kwa hiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaousukuma kama unavyosukuma toroli. Olfa wa Japani ndio waliokitoa mwaka 1979, na sasa kila kiwanda kinatengeneza cha kwake. Chukua cha milimita 45, ndicho kinachobeba kazi nyingi. Uzuri wake ni kwamba kitambaa kinabaki kimelala. Mkasi kila unapofumba unakinyanyua kidogo, ndiyo maana ukikata tabaka nne kwa mkasi ile ya chini haifanani na ya juu. Kisu hiki kinapita tabaka nne za kitenge na zote zinatoka sawa.

Tatizo liko kwenye nyembe za bei ya chini. Wembe ukipanda juu ya pini mara moja unapata pengo dogo, na kuanzia hapo kila ukizunguka unaruka nyuzi mahali palepale. Mzunguko wa wembe wa milimita 45 ni kama sentimita 14, kwa hiyo ukiona kitambaa kimeshikana kila baada ya sentimita 14 hivi, usilaumu mkono wako, badilisha wembe. Na ukimaliza kukata funika kisu hapohapo, hata kama unakiweka chini kwa dakika moja. Kibandani kuna watoto.

Kisu hakitembei bila mkeka wake, ule wa plastiki ambao makovu ya kukata yanajifunga. Huu hautaki joto kabisa. Usiupigie pasi juu yake, usiuweke karibu na jiko la mkaa, usiuache juani kwenye gari. Ukishapinda haurudi.

Rula: wengi wanakwama hapa kwa sababu zile za kigeni zenye mistari ni ghali na hazipatikani kirahisi. Nendeni kwa mafundi vioo na aluminiamu. Mwambie akukatie ukanda wa paspeksi, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, unene wa milimita 3 au zaidi, upana inchi 6, urefu inchi 18, na asugue kingo zinyooke. Ikiwa nyembamba kuliko hapo wembe unapanda juu ya rula na kukimbilia vidole. Watu wa nje wanapendekeza inchi 24, ila kitenge chetu kina upana wa inchi 45 na ushee, ukikikunja mara mbili kinabaki chini ya inchi 12. Inchi 18 zinatosha sana. Mistari jichoree kwa sindano yenye ncha kali na upake wino wa kalamu juu yake, kisha futa. Wino unabaki kwenye mkwaruzo.

Na futi kamba zenu zipimeni. Zile laini zinavutika zikizeeka. Ilaze kando ya tepu ya chuma ya fundi seremala. Kama inchi 40 hazikutani, itupe, usimwachie hata mtoto wa kazi.

Sasa vilivyoniangusha. Namba moja bila mpinzani ni ile cherehani ya mkononi, ya betri, inayofanana na stepla. Nimeona mabinti wawili watatu hapa Uyole wamejinyima wakanunua ile wakiamini wataanza biashara nayo. Ile inashona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo, haina bobini ya kufunga uzi kwa chini. Ukikosea ukavuta ncha ya mwisho, mshono wote unafumuka mpaka mwanzo. Kwa kushikiza pindo la pazia sawa. Kwa blanketi litakalofuliwa kwenye beseni na kukamuliwa na watu wawili, hapana.

Namba mbili, sindano zinazojitunga zenyewe, zile zenye mwanya juu ya tundu. Mwanya ule unakwaruza uzi kila unapopita kwenye kitambaa. Baada ya shubiri chache uzi umechanika manyoya.

Leteni na vya kwenu, hasa mnaoshona kwa mkono.

---

Kipengere

Naweka kambi hapa. Mkuu, pasi umeitaja halafu ukaipita. Ya mkaa au ya umeme?

---

FundiUyole

Mkuu Kipengere, ya mkaa, na sisemi hivyo kwa sababu ya umeme kukatika peke yake. Ile ni nzito. Mshono wa blanketi la vipande unatakiwa kugandamizwa, usiburuzwe. Ukiburuza pasi kwenye kipande kilichokatwa mshazari kinavutika na mraba unageuka kuwa umbo lingine. Pasi ya mkaa unaiweka, uzito wake unafanya kazi, unainyanyua, unasogea. Moto wake unakaa muda mrefu pia, unaweza kumaliza mistari mingi bila kungoja.

Masharti yake ni mawili. Mkaa uwake nje mpaka moshi uishe, na majivu yapulizwe nje, pasi ikiwa imelala mbali na kitambaa. Pili, haina kipimo cha joto, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza. Vipande tunavyookota kwa mafundi wenzetu vimechanganyika, kuna pamba na kuna poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, wa poliesta unayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Hivyo vya kidonge weka kando, usivichanganye.

---

MamaMakete

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi nashona kwa mkono, na huku Makete blanketi si pambo, ni la kujifunika kweli.

Mwanangu FundiUyole, hayo ya kukata nakubaliana nayo, lakini kwa sisi wa mkono vifaa vinavyotuokoa ni vingine, tena vidogo. Cha kwanza ni kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, subana. Vijana wanakidharau kwa sababu siku za mwanzo kidole kinaona kimefungwa. Ukishona tabaka tatu, kitenge juu, blanketi la zamani katikati na shuka chini, bila subana kidole cha kati kinatoboka kabla mstari wa pili haujaisha. Chukua cha chuma chenye vishimo juu, kile cha plastiki sindano inakitoboa. Kikibana sana damu haitembei, kikilegea kinadondoka; kiwe kinashika ukitikisa mkono.

Cha pili ni nta ya nyuki. Asali tunayo, nta wengi wanaiacha bure. Pitisha uzi kwenye donge la nta mara mbili tatu, halafu ufinye uzi kati ya vidole ili joto liingize nta ndani. Uzi haujisokoti, hautengenezi mafundo, na unapita kwenye blanketi zito bila kukwaruzika. Huo mwanya wa sindano zinazojitunga nisingeuhitaji hata kwa bure, maana uzi wenye nta una ncha ngumu, unaingia tunduni hata kwa macho yangu ya sasa.

Kilichoniangusha ni gundi ya kupuliza. Mjukuu aliniletea kutoka mjini, eti niache kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, nipulize tu tabaka zishikane. Inashika, siwezi kusema haishiki. Lakini gesi ile inawaka moto. Nyumba za huku wakati wa baridi madirisha yamefungwa na jiko la mkaa liko katikati ya chumba. Naomba kila mama anayesoma hapa asiipulize ndani, kabisa. Na sindano inayopita kwenye gundi inanata, unaifuta kila mara. Kupiga bandi kwa uzi mweupe hatua za vidole vinne kunachukua mchana mmoja na hakuna atakayeungua.

---

Mnyalukolo

Kamwene! Marahaba kwa wanaonisalimu, na shikamoo mama wa Makete. Hilo la gundi liwekwe juu kabisa ya uzi huu.

Niko Iringa mjini. Naongezea kwenye kisu cha gurudumu jambo ambalo halijasemwa. Mama mkwe wangu ana baridi yabisi ya vidole, mkasi mzito ulishamshinda, akawa anakaa tu akiangalia wengine. Kisu kile unakisukuma kwa nguvu ya bega, vidole vinashikilia mpini tu. Leo yeye ndiye anayetukatia wote pale nyumbani. Hapa Iringa tuna Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana kilichoanza mwaka 2003 kwa ajili ya kazi za mikono za watu wenye ulemavu, na tangu nilipoona kazi zao nimekuwa nikipima kila kifaa kwa swali moja: mwenye mkono dhaifu anaweza kukitumia? Kama anaweza, sote tunaweza.

Nina ugomvi mdogo na wote mnaotumia chaki. Kalamu inayofutika kwa joto, mfano FriXion ya Pilot, imeniondolea kero ya mistari. Unachora, unashona, unapitisha pasi, wino unapotea.

---

FundiUyole

Mkuu Mnyalukolo, hiyo kalamu naijua na nitakupinga kwa heshima. Wino ule unapotea kwenye nyuzi joto 60 na kitu, lakini haujatoka kwenye kitambaa, umekosa rangi tu. Ukipata baridi kali, kuanzia kama nyuzi 10 chini ya sifuri, unarudi. Baridi ya huku kwetu, hata ya Kitulo asubuhi yenye umande wa barafu, haijafika huko. Lakini wateja wangu wengine wananunua blanketi kupelekea ndugu Ulaya na Kanada. Likikaa nje kwenye theluji, michoro yote inaamka. Halafu kwenye kitenge cheusi au cha bluu iliyokolea inaacha alama nyeupe hata baada ya pasi.

Kwangu kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki kidogo bado ni bora. Kinachora mstari mwembamba ukikichonga ukingo, kinaonekana vizuri kwenye rangi zilizokolea, na kinatoka kwenye fua ya kwanza. Kwenye rangi nyeupe ndiyo natumia penseli, kwa wepesi sana.

---

Mnyalukolo

Hilo la Kanada sikulifikiria mkuu. Kwa blanketi zinazobaki nchini nitaendelea nayo, kwa za kusafiri nakubali sabuni.

---

Tunduma_Mpakani

Naomba kuuliza, mimi nina mkasi mzuri wa fundi, ule mzito wa chuma, ila umekuwa butu. Nimpe yule kijana mwenye baiskeli ya kunoa visu au ninunue mwingine?

---

FundiUyole

Dada/kaka wa Tunduma, mpe, lakini simama naye. Mwambie anoe ule ukingo wa mshazari wa nje tu, asiguse upande wa ndani ambako makali mawili yanapishana. Akishasugua ndani, makali hayakutani tena na mkasi unakuwa unatafuna kitambaa badala ya kukata. Pia asiukandamize kwenye jiwe mpaka utoe cheche nyingi na chuma kibadilike rangi kuwa bluu. Chuma kikipata joto hilo kinalegea, kesho kutwa ni butu tena. Anoe kidogo, achovye kwenye maji, arudie.

Na baada ya hapo usikate karatasi nao. Uwe na mwingine wa karatasi, ufunge kitambaa chekundu kwenye mpini ili nyumba nzima ijue.

---

Kipengere

Mimi nina mchango mmoja wa sumaku. Spika mbovu ya redio ina sumaku nzito ya duara. Ing'oe, ivalishe soksi, pitisha sakafuni jioni. Pini na sindano zote zinakuja. Kwa wenye watoto wanaotambaa hiki ni kifaa namba moja, kabla ya kisu na kabla ya pasi.

---

MamaMakete

Kweli kabisa mwanangu.

---

Nyanda_Juu

Wadau, mbona hamjazungumzia wanga? Vipande vya vitenge vilivyofuliwa mara nyingi vinalegea, ukivikata vinatembea mezani. Dukani wanauza dawa ya kupuliza ya kukazia nguo kwenye kopo, bei yake na kazi yake haviendani. Sisi huku Njombe tuna viazi vya kumwaga. Kwangua viazi kwenye maji, chuja, acha maji yatulie, mwaga ya juu. Ule unga mweupe uliobaki chini ndio wanga. Kijiko cha chai kwenye vikombe viwili vya maji, chemsha ukikoroga mpaka maji yageuke ya kung'aa, yapoe, uyachuje tena, uyaweke kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia kitambaa, kikianza kukauka piga pasi. Kinakuwa kigumu kama karatasi na hata kona za mshazari hazivutiki.

Tengeneza ya siku mbili tatu tu, ikikaa inachacha. Na blanketi likiisha lifue kabla ya kuliweka sandukuni, maana mende wanapenda wanga.

---

FundiUyole

Ndaga sana Nyanda_Juu. Hili nalichukua, mimi nilikuwa natumia maji ya mchele wa Kyela, nayo yanakaza ila yanakuwa mazito na kuacha madoa kwenye rangi nyeusi.

---

Mnyalukolo

Kuna fremu pia. Wanaoshona tabaka zote tatu kwa mkono, msinunue ringi za kutarizia za plastiki kwa kazi hii. Zinafunguka zenyewe blanketi likiwa zito. Fremu ya mbao nne na vibanio vinne vya chuma inatosha, upana wa blanketi, unakunja kadiri unavyosonga. Mbao za paina kutoka Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, ni nyepesi na bei yake inavumilika. Shida ya paina ni utomvu. Mbao ikiwa mbichi inatoa utomvu ukipata joto, na ukigusa kitenge hautoki. Chagua iliyokauka vizuri, piga msasa, kisha uvalishe mbao yote shuka la zamani ulishikize kwa misumari midogo. Hilo shuka ndilo utakaloshikizia blanketi.

---

Tunduma_Mpakani

Swali la mwisho kwa FundiUyole. Nimeona mguu wa cherehani wenye meno juu, unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Unafaa kwenye Butterfly ya miguu au nao ni wa kuniangusha? Na sindano namba ngapi?

---

FundiUyole

Huo mguu ni mzuri, uko kwenye orodha yangu ya vichache vya kushonea ninavyovitetea. Cherehani ya kawaida ina meno chini tu, kwa hiyo kwenye tabaka tatu kitambaa cha chini kinatangulia na cha juu kinabaki nyuma, ndipo vinapotokea vikunjo mwishoni. Huo mguu una meno yake juu, na mkono mdogo unaokaa juu ya skrubu ya sindano. Sindano ikipanda na kushuka, meno yanasogea nayo.

Kabla hujalipa, pima. Shusha mguu uliopo sasa, pima kutoka katikati ya skrubu inayoufunga mpaka kwenye bati la chini. Ikiwa kama robo tatu ya inchi, cherehani yako ni ya shina fupi na mguu wa aina hiyo utaingia. Ikizidi inchi moja, usinunue. Butterfly nyingi za nyumbani ni za shina fupi, ila nenda nayo ile iliyopo mfukoni ukailinganishe. Utapiga kelele, usiogope. Shona taratibu, mistari iliyonyooka tu, urefu wa hatua uongeze kidogo, na usirudishe nyuma, meno yake hayakuundwa kwa hilo.

Sindano: kuunganisha vipande tumia 80/12. Ukifika tabaka tatu nenda 90/14, ile 90 maana yake unene wa milimita 0.9. Kama katikati umeweka blanketi zito au kuna vipande vya jinzi, 100/16. Badilisha kila blanketi jipya linapoanza, na ukisikia inapiga mlio wa tak-tak kwenye kitambaa, ncha imeshapinda, itoe hata kama blanketi halijaisha.